Kitobo cha Kushikia

Mamkwe wangu, Bi Ummkulthum, ameshona kofia kwa miaka arubaini na moja na hajawahi kufumua kitobo. Hilo nililijua wiki ya kwanza niliyoolewa, maana alinambia mwenyewe, na wiki ya pili akanambia tena. Kofia zetu za mkono ni vitobo vitupu: unachoma bafta nyeupe kwa sindano nene, tundu linakuwa dogo kama punje ya mtama, halafu unalizungushia uzi mpaka mdomo wake ukaze. Kitobo kimoja ni dakika kumi za mtu aliyezoea. Ukikifumua, bafta inabaki na kovu, na kovu hilo hata wanga wa kupigia pasi haulifichi.

Kwa hiyo Jumatatu ile, tulipotandaza juu ya mkeka vipande viwili vya kofia ya harusi ya Sabri, kimoja cha mamkwe na kimoja changu, tukaona havifanani, nilijua kuna neno moja ambalo halitakiwi kutoka kinywani mwangu.

Lakini nianze na darasa.

Tunakaa Michenzani, ghorofa ya nne. Mume wangu Nadir anapaka rangi nyumba mpya za Fumba, analala huko huko kazini, Alhamisi ndiyo tunamwona. Sabri ni mdogo wake. Binti yetu Wanu ana mwaka na miezi minne, na ameshajifunza kuvua viatu vya watu na kuvitupa ukumbini. Miye hesabu iliniangusha kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa, na daftari la hesabu nikalifungia sandukuni. Mwaka huu nikalitoa. Kikwajuni kuna darasa la jioni la sisi tunaorudia mtihani, Jumatatu mpaka Jumatano, baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Mtihani ni Novemba.

Kila kitu kilining'inia kwenye swali moja tu: nani atamshika Wanu.

"Ntamshika mpaka harusi ya Sabri," mamkwe aliniambia. "Baada ya hapo tutaona."

"Tutaona" ya mamkwe wangu ni hapana iliyovaa baibui.

Mwalimu wetu anaitwa Jaku, mtu mwembamba, anaandika ubaoni bila kugeuka na anajua nani anasinzia. Siku moja, miezi miwili na kitu kabla ya harusi, aliandika nambari moja juu kabisa. Chini yake moja na moja. Chini yake moja, mbili, moja. Halafu moja, tatu, tatu, moja.

"Kila nambari ni jumla ya mbili zilizokaa juu yake," alisema. "Pembeni siku zote moja, kwa sababu upande wa pili hakuna kitu. Inaitwa pembetatu ya Pascal, lakini Baghdad walikuwa wakiichora zamani sana, huyo Mzungu hajazaliwa."

Jirani yangu Ummy, tunayekaa naye ghorofa moja na kukaa naye dawati moja, akanyoosha mkono. "Ya kazi gani, mwalimu?"

"Una madera mapya mangapi, Ummy?"

"Sita. Na sema mashaallah."

"Mashaallah. Una harusi ya siku mbili, unataka madera mawili. Unaweza kutoa jozi ngapi tofauti?"

Ummy akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza tena: la zambarau na la kijani, la zambarau na la maua. Darasa zima likawa linamsaidia. Tulipofika kumi na tano, mwalimu alikuwa ameshateremsha mistari. Akaweka kidole kwenye mstari ulioanza na moja, sita. Nambari iliyofuata ilikuwa kumi na tano.

"Alaa!" Ummy akasema. "Na mimi huku bibi harusi ameshaondoka."

Tulicheka, lakini miye ile pembetatu ilinikaa. Nilirudi nayo nyumbani. Wali ukiwa unaiva, nikaichora upya kwenye daftari, mistari minane, halafu nikachukua kalamu ya rangi ya Wanu na kupaka zile nambari ambazo hazigawiki kwa mbili. Nilifanya bila sababu. Lakini kila nilipozidi kupaka, ndani ya pembetatu kubwa zilitokea pembetatu ndogo, na ndani ya hizo nyingine ndogo zaidi, na katikati yao nafasi nyeupe zilizogeuka kichwa chini. Mstari wa nane ukajaa wote, rangi tupu, kutoka ncha mpaka ncha.

Nikasikia pumzi nyuma ya sikio langu.

"Nani kakuchorea hiyo?" mamkwe akauliza.

"Hakuna aliyenichorea, Mama. Inajitokeza yenyewe. Nimepaka witiri, nimeacha shufwa."

"Witiri kama ya sala?"

"Kama ya sala."

Akalichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu. Lazima niseme hapa kwamba mama huyu ana michoro minne ya kofia kichwani mwake, ya tangu usichana wake, na mwezi ule ule Sabri alikuwa amemwambia, kwa upole wa kitinda mimba, kwamba kofia zake nzuri lakini hata muuza kahawa wa chini anavaa hiyo hiyo. Kwa Bi Ummkulthum kila mwanawe anaingia kwenye nikaha na kofia ya mkono wa mama yake. Ya Nadir ninayo kabatini. Ya Sabri ilikuwa bado hata kukatwa.

"Nifundishe," alisema. "Lakini usinichoree penseli juu ya bafta yangu, penseli haitoki. Na hayo makaratasi yako sitaki kuyatazama kila saa. Nipe kanuni tu."

Nikamwaga kopo la vifungo vya nguo mkekani, nikaipanga pembetatu kwa vifungo. Witiri na shufwa ukizijumlisha unapata witiri. Witiri mbili zinatoa shufwa, na shufwa mbili zinatoa shufwa. Kwa lugha ya kofia nikamwambia hivi: unatazama nafasi mbili za juu. Mmoja yupo, mwenzake hayupo: toboa. Wote wapo: acha. Wote hawapo: acha.

Alirudia mara mbili kwa sauti, kama anayeshika dua. Mara ya tatu akapanga vifungo mwenyewe na hakukosea hata kimoja.

"Na chini?" akauliza. "Kofia lazima ifunge chini kwa safu iliyojaa. Isipojaa inaonekana imetafunwa na panya."

"Mstari wa kumi na sita unajaa wote, kama wa nane."

"Una hakika?"

"Hesabu ndivyo inavyosema, Mama."

Akanitazama. Wanu alikuwa ameshatia kifungo mdomoni, mamkwe akakitoa kwa kidole bila kuondoa macho kwangu.

"Haya. Ikifunga, ntamshika huyu mpaka siku yako ya mwisho ya mtihani. Isipofunga, baada ya harusi utakaa na mwanao, na hayo madaftari tumpe muuza njugu afungie."

Kichwa cha Sabri kilitaka pembetatu saba kuzunguka. Kwa kuwa wakati ulikuwa mfupi, tukaukata ukanda wa pembeni vipande viwili: yeye pembetatu nne, miye tatu. Duara la juu alilishona yeye. Kwa miezi miwili tulikaa kila mtu na kipande chake. Bi Ummkulthum akimaliza safu huikunja na kuifunga ndani ya kitambaa isiingie vumbi wala jicho, na haonyeshi kazi mpaka iishe. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Nami nikafanya vivyo hivyo. Jioni nilimwachia Wanu nikaenda darasani, nikirudi nawakuta mkekani, mtoto amelala juu ya paja lake na sindano inakwenda juu ya kichwa cha mtoto, mdomo wa mamkwe ukinong'ona: mmoja yupo, mwenzake hayupo.

Nakiri nilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza niliona kitu kilichotoka darasani kikiingia nyumbani kwetu na kupewa pahala pa kukaa.

Ijumaa ndiyo nikaha. Jumatatu mchana tukatandaza.

Safu yangu ya chini ilikuwa imejaa, vitobo kumi na sita kila pembetatu, mfululizo kama shanga. Safu yake ilikuwa na vitobo vinne upande huu, vinne upande ule, na katikati hakuna. Nafasi ya vitobo vinane, tupu. Mara nne.

Nikavihesabu tena kwa kidole.

"Yako imekosewa," mamkwe akasema.

"Mama..."

"Umejaza tu ili ijae. Miye nimefuata kanuni yako neno kwa neno. Nilipofika chini nikaona pengo, nikasema labda ndiyo hesabu zenyewe, wasomi wana mambo yao. Kumbe hata wewe hujui!"

"Mstari wa kumi na sita unajaa, Mama. Ninao daftarini, nimeuchora."

"Kwa hiyo nimekosea miye." Alisema pole pole. "Miaka arubaini na moja, leo nimekosea miye."

Ummy aliyekuwa kaja kuazima kawa ya kufunikia chakula akasimama mlangoni, akatutazama, akaiona hali, akasema kawa atachukua kesho.

Mamkwe alikunja kipande chake. "Leo nenda darasani kwako. Leo tu, nshakwambia ntamshika mpaka harusi na neno langu sirudishi nyuma. Ukirudi unambie kofia ya mwanangu inafungaje."

Kabla sijatoka niliomba nikitazame kipande chake mara moja. Akanipa bila kuniangalia. Nikahesabu pembetatu yake ya kwanza kutoka juu, safu kwa safu, na yangu kando. Safu nane za mwanzo, sawasawa. Safu ya tisa inatakiwa iwe na kitobo ncha hii na kitobo ncha ile tu, na kati yake nafasi saba tupu. Yake ilikuwa na vitobo vitatu. Kimoja kilikaa katikati kabisa. Kizuri, kimekaza, peke yake. Nikatazama pembetatu yake ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zina kile kitobo.

Nilikirudisha kipande kitambaani nikashuka ngazi.

Darasani sikusikia mwalimu alichosema. Nilichora pembetatu mpaka safu ya tisa, nikatia kile kitobo cha katikati, halafu nikaendelea kwa kanuni ile ile, safu baada ya safu. Mwalimu Jaku alipita, akainama.

"Hapa umekosea. Mstari wa tisa."

"Nimekosea kwa makusudi, mwalimu. Nataka kuona unafika wapi."

Akavuta kiti, akakaa. Jambo la ajabu lilikuwa likitokea kwenye karatasi. Kile kitobo kimoja kilizaa viwili, kikajitengenezea pembetatu yake mwenyewe ya vitobo tisa, pale katikati palipotakiwa kuwa weupe. Ilipofika safu ya kumi na tatu, pembetatu hiyo ikagusana na jirani zake wa kushoto na kulia, na pale zilipogusana wote walikuwapo: acha. Zikafutana. Kuanzia hapo katikati pakabaki tupu mpaka chini. Vinne upande huu, vinne upande ule.

Ndiyo kofia ya Bi Ummkulthum, kitobo kwa kitobo.

"Umeongeza kimoja juu, ukapoteza kumi na nane chini," mwalimu akasema. "Lakini aliyefanya hivi baada ya hapo hakukosea tena. Ni nani?"

"Mamkwe wangu."

"Amesoma wapi?"

"Hajasoma, mwalimu."

Aliendelea kulitazama lile karatasi hata Ummy alipomwita mara mbili.

Nilirudi nyumbani nikipita kando ya majumba yetu marefu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nafikiria zile jioni, mtoto juu ya paja, mama wa watu akinong'ona kanuni niliyompa. Pembetatu nne, kila moja safu saba chini ya kile kitobo, na katika hizo zote mkono wake haukukosea hata mara moja. Ningeweza kumwambia kosa ni la kanuni yangu, akaridhika, na darasa likaishia hapo. Au nimwambie kosa ni lake, na hapo nisingejua darasa litaishia wapi, wala sisi wawili tutaishia wapi.

Nilimkuta amekaa pale pale. Wanu alikuwa anampigia makofi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema."

Nikafungua daftari mbele yake, nikaweka kidole safu ya tisa. "Hapa umetoboa kimoja cha katikati. Kanuni haikukitaka."

Alitazama, akashangaa kweli. "Hicho? Hicho si cha hesabu. Hicho ni cha kushikia!"

"Cha kushikia nini?"

"Ebo! Tahiya, wewe ulikuwa unashona nini miezi miwili?" Akaichukua bafta akaivuta kwa vidole viwili. "Vitambaa ni viwili, kimoja juu ya kingine. Ukiacha pahala patupu papana kuliko kidole gumba, ukitia wanga panavimba. Kwa hiyo unatia kitobo kimoja katikati, kishike; pa chini panashikwa na pindo. Kila mshonaji anajua. Kitobo cha kushikia hakihesabiwi kwenye mchoro."

"Lakini Mama, safu ya kumi ulikihesabu."

Nilimwona akirudi nyuma kichwani, mpaka jioni ile, mpaka sindano ile. Midomo yake ikacheza: mmoja yupo, mwenzake hayupo. Akafika.

"Nilikiona kipo," alisema. "Kanuni yako inasema ukikiona kipo."

"Ndiyo. Kanuni yangu haikusema kitu juu ya vya kushikia. Nami sikuvijua."

"Usinipambe, mwanangu. Aliyekitia ni miye na aliyekihesabu ni miye." Halafu akanyoosha mkono kwenye kopo la sindano, akatoa mkasi mdogo wa kukatia uzi, akauweka juu ya bafta. "Sasa nifumue?"

Miaka arubaini na moja. Niliutoa ule mkasi mkononi mwake, nikampa Wanu kijiko aache kuunyatia.

"Subiri kwanza, Mama. Umesema pahala patupu panavimba. Kipande changu je?"

Tulitia wanga pembetatu yangu moja, kwa kitambaa chenye unyevu, tukapiga pasi. Ikakauka. Pale katikati, penye nafasi yangu safi ya hesabu isiyo na kasoro, bafta ikatuna.

Bi Ummkulthum aliitazama, akaigusa kwa kidole, ikabonyea ikarudi. "Hii kofia ya bwana harusi," akasema, "au trei ya maandazi?"

Nikaanza kucheka nisiweze kuacha. Naye akacheka, machozi yakamtoka, Wanu akacheka kwa sababu sisi tunacheka. Kwa hiyo tulikuwa na kofia nusu yenye pengo na nusu yenye maandazi, na siku nne.

Nilipotulia nikalitazama tena daftari. Niliweka mchoro wake na mchoro wangu ubavu kwa ubavu, na kwa muda mrefu nikaiona kama vitu viwili vinavyogombana. Halafu nikaacha kutafuta nani ana cha kutoa. Nikatafuta nani ana cha kuongeza.

"Mama. Wewe huku chini, safu nne za mwisho, una pengo. Likijazwa kama langu, vitobo kumi na vinane kila pembetatu, safu ya chini inajaa."

"Hiyo sawa. Na juu? Kile kipembetatu changu cha katikati?"

"Kinakaa. Na miye nakitia kwenye zangu tatu. Tisa kila moja. Kinashika kitambaa, hakivimbi tena. Zote saba zinakuwa sawa na hatufumui hata kimoja."

Akafikiri. Nilimwona akizishona zote kichwani. "Lakini kanuni itakuwa imevunjika. Mwalimu wako ataona. Chini ya kipembetatu hiki hesabu hazitakuja hivi."

"Hazitakuja, ukikihesabu." Nikamtazama. "Wewe umesema vya kushikia havihesabiwi."

Alikaa na lile neno lake, lililokuwa limemrudia. Kisha akasema, "Vitobo tisa vya kushikia! Mama yangu angenizaba kofi," na akaivuta bafta yake na kuchukua sindano.

Vyake vilikuwa sabini na viwili, vyangu ishirini na saba. Nikachukua pembetatu yake moja ili tuwe karibu sawa. Jumanne na Jumatano sikwenda darasani. Ummy alikuja na daftari lake, akanisomea zoezi huku miye nikishona, na kila akifika jibu mamkwe alikuwa anamwambia, "Soma tena, umesoma kama unafukuzwa." Alhamisi Nadir alirudi kutoka Fumba na rangi kwenye nyusi, akatukuta hatujapika, akatazama sindano mbili zinavyokwenda, akamchukua Wanu akatoka kwenda kutafuta urojo bila kuuliza. Alasiri ile tukaunganisha ukanda, tukatia duara la juu, tukapiga wanga, tukaivalisha kofia juu ya bakuli ikauke.

Haikuvimba pahala. Ukiitazama kwa mbali unaona pembetatu saba. Ukisogea unaona nyingine ndani yake, na ukisogea zaidi nyingine tena, na katikati ya kila moja kuna kipembetatu kimesimama wima kwenye weupe, kimeushika.

Ijumaa Sabri aliivaa mbele ya kioo, akageuza kichwa huku na huku mpaka mama yake akamwambia kofia inatosha kutazamwa na watu, asiimalize yeye. Walipoondoka kwenda msikitini, sisi wanawake tukabaki juu. Shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi, naye mshonaji, alikuwa ameiona mlangoni.

"Bi Ummkulthum, mchoro ule umeutoa wapi?"

Nilikuwa napita na sinia la kashata. Nikasimama.

"Kauleta mkwe wangu kutoka skuli," mamkwe akasema. "Miye nilikosea pahala, tukaparekebisha."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Yule shangazi akasubiri amwambie ni pahala gani. Hakumwambia.

Nilidhani neno lile limeisha kwa hilo. Lakini ahadi ilikuwa haijasemwa tena, na miye sikuthubutu kuikumbusha. Jumamosi tuliosha masufuria ya watu. Jumapili tulilala. Jumatatu baada ya Alasiri nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na daftari magotini, nasikia Ummy anaita kwenye ukumbi wa ngazi, "Tahiya, unakuja au nikuandike mtoro?" na sijui nimjibu nini. Harusi ilikuwa imepita. Kofia ilikuwa imefunga, lakini haikufunga kwa ile hesabu niliyomwahidi.

Mlango ukasukumwa. Bi Ummkulthum aliingia na kopo la vifungo kwapani, akamchukua Wanu kutoka kitandani kama anayechukua kitu chake alichokisahau.

"Umekaa nini?"

"Mama, nilidhani..."

"Novemba haijafika. Au imefika?"

"Haijafika."

"Basi." Akageuka, akafika mlangoni, akasimama. "Na umuulize mwalimu wako. Baada ya kumi na sita, mstari gani mwingine unajaa wote? Bibi harusi anataka foronya."

Jibu nilikuwa nalo: thelathini na mbili. Nilitaka kulisema pale pale, halafu nikaona uso wake, alivyokuwa akilisubiri lije kutoka darasani, na mtu wa kulileta ni miye.

"Ntamuuliza, Mama."

Nikavaa viatu, kimoja nikakitafuta ukumbini Wanu alikokitupa. Ummy alikuwa ameshafika ghorofa ya pili. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia vifungo vikimwagwa mkekani, na sauti ya mamkwe, pole pole, kwa mtu asiyejua hata kuhesabu moja:

"Tazama, mwanangu. Mmoja yupo, mwenzake hayupo. Tunafanyaje?"